Potopoto Isiyotumiwa na Mtu

Kwenye karatasi za mradi, mama yangu hajawahi kukanyaga potopoto. Imeandikwa wazi: kaya hii haitumii kinamasi. Miguu ya mama ingejua kusoma, ingeenda mahakamani. Ngozi ya vidole vyake imekunjamana kama ya mtu aliyesahauliwa ndani ya beseni, na chini ya kucha kuna weusi ambao hakuna sabuni ya Kisangani iliyoweza kuuhamisha. Siku ya Idi anavaa soksi.

Potopoto ndivyo tunavyoita kinamasi. Yetu ilikuwa chini kabisa ya avenyu, huku Mangobo, pale nyumba zinapochoka na ardhi inapoanza kulegea: kijito chembamba, matope meusi, majani ya mangongo yaliyosongamana, na vyura wenye sauti kushinda kanisa la jirani. Mvua ikinyesha, maji yote ya juu yalishukia huko, yakakaa huko, yakamezwa polepole, na sisi wa parsele, yaani viwanja, za chini tukalala pakavu. Hakuna aliyeishukuru. Nani anashukuru tumbo lake kwa kusaga chakula?

Na ndani yake kila mama anayeuza kwanga alikuwa na shimo lake. Kwanga ni muhogo uliopondwa, ukakandwa, ukafungwa kwenye majani na kuchemshwa. Fundi akila moja saa nne, njaa haimtafuti mpaka jioni. Lakini kabla ya yote hayo muhogo lazima ulowe siku tatu au nne, mpaka ulainike na uchungu wake utoke. Maji ya potopoto, yaliyotulia na yenye joto kidogo, yalifanya kazi hiyo vizuri kuliko maji yoyote ya mjini, na majani ya kufungia, mangongo yale, yaliota palepale, hatua tano. Shimo la mama lilikuwa na fimbo yenye kipande cha kitenge cha kijani. Aliachiwa na jirani mzee aliyemfundisha kazi alipofika kutoka Maniema, wakati hata kufunga jani alikuwa hajui.

Sasa, siri. Mwaka mmoja, mimi nikiwa mdogo, ugonjwa wa kuhara ulipita mtaani, na redio ikasema maneno mabaya sana kuhusu maji ya matope. Tangu siku hiyo hakuna kwanga ya avenyu yetu iliyolowa potopoto. Mteja akiuliza, jibu ni moja: "Kwa pipa, papa, hapa nyumbani, na maji ya bomba." Kila mlango ukawa na pipa la bluu la plastiki, limesuguliwa linang'aa, limewekwa pale mteja atakapoliona. Pipa letu lilikuwa na kuku. Alitagia humo. Pipa la mama wa kona, mpinzani mkubwa wa mama yangu, ambaye tunamwita hivyo kwa sababu meza yake iko kwenye kona ya avenyu, lilijaa makaa. Mama zetu walishuka kwenye mashimo kwa njia ya nyuma, beseni zimefunikwa kitambaa, na wakikutana kule chini walisalimiana kama watu waliokutana kwa mganga.

Mimi nilijaribu kuwa mkweli mara moja tu. Nilikuwa na miaka saba. Mteja aliuliza mama yuko wapi, nikasema yuko potopotoni anatoa muhogo. Mafunzo ya siku ile ninayo mpaka leo kwenye ile sehemu ya mwili ninayokalia darasani.

Bon. Mwaka jana, nikiwa mwaka wa tano wa sekondari, mradi ukaja.

Walitukusanya kwenye uwanja wa shule, chini ya hema lilelile la kukodi ambamo watu hulilia maiti. Nilienda kwa sababu walisema kutakuwa na soda. Injenieri wa mradi, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi mpaka linatisha, alitundika shuka jeupe na kurusha juu yake picha ya mji mzima. Mji ulikuwa umekatwa vipande vidogo vya mraba, kama daftari la hesabu.

Alieleza vizuri, lazima nikiri. Potopoto tatu za mji zinaharibika: takataka, mmomonyoko, nyumba zinazosogea. Mradi una nguvu ya kurudishia uhai moja tu kati ya tatu: kuondoa taka, kufungua kijito, kupanda tena mimea yake, kuweka mlinzi. Ipi kati ya hizo? Hapo ndipo kompyuta inapoingia, na kitu wanachokiita modeli. Kila potopoto inawafanyia watu kazi bila kuajiriwa: inashika mvua, inachuja maji, inatoa chakula, majani, samaki. Modeli inakiuliza kila kipande cha mraba: unafanya kazi gani, na kwa watu wangapi? Kisha inapima. Tukiitengeneza hii, watu watapata nini? Tukiipoteza ile, nani atalia?

"Modeli yenyewe," akasema, "ilizaliwa mbali, kando ya bahari, kwa ajili ya vinamasi vya maji ya chumvi. Sisi tumeirekebisha kwa ajili ya hapa."

Nikanyoosha mkono. "Monsieur, hapa kwetu chumvi iko paka kwa duka tu. Tuimwage kwanza, ama modeli itatuvumilia?"

Hema zima lilicheka. Injenieri naye alicheka, akasema ni swali zuri, mambo ya bahari wameyaondoa. Hawakuyaondoa yote. Kwenye fomu lilibaki swali moja: je, kinamasi kinawakinga na mawimbi ya dhoruba? Kutoka hapa mpaka baharini kuna karibu nchi nzima katikati. Papa mmoja jirani yetu alijibu ndiyo, kwa heshima ya wageni.

Wiki mbili baadaye akafika kwetu madamu wa tableti. Alikuwa msichana wa chuo, mwaka wa mwisho, mpole, mwenye viatu vyeupe ambavyo Mangobo ilishavihukumu. Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na kuuliza potopoto inatufanyia nini. Alitukuta saa mbaya kuliko zote: mama anafunga kwanga, vijana wawili wa moto, wale wa teksi za pikipiki, wamekaa kwenye benchi wanangoja zao, na mama wa kona amekuja kuomba kaa la moto, yaani amekuja kuchungulia.

"Mama, jambo. Ni kwa ajili ya potopoto. Kule munafanyaka nini?"

"Potopoto?" Mama alilitamka neno hilo kana kwamba ni la Kichina. "Mimi niende kule kutafuta nini, mutoto yangu? Nyoka?"

"Muhogo, unalowesha wapi?"

"Kwa pipa. Ile pale. Na maji ya bomba."

Madamu akageuka kulitazama pipa. Pipa likasema: ko, ko, koo.

"Iko kuku ndani," madamu akasema.

"Inapumzika." Mama hakupepesa.

"Na mimi vilevile, andika," akadakia mama wa kona. "Kwa pipa. Hata majani tunanunua sokoni. Sisi ni batu ya usafi."

Wale wawili, ambao asubuhi ileile walikuwa bega kwa bega kwenye matope mpaka magotini, walitazamana kwa upendo. Sikuwahi kuuona kabla ya siku hiyo.

Nilikuwa nimeegemea mlango, nimeshiba kicheko. Kisha madamu akanigeukia. Fomu ilikuwa na sehemu ya vijana. "Na wewe, ndugu yangu? Vijana munatumiaka potopoto kwa nini? Michezo, samaki, kupumzika?"

Samaki ndilo lilikuwa jibu. Tangu nijue kutembea ninatega kambale wadogo kule, na wadogo zangu watatu wamewala wengi kuliko nyama. Lakini vijana wa moto walikuwa wananitazama, wananisubiri, na mtu akinisubiri mimi siwezi kumwangusha.

"Tunatupaka kule," nikasema. "Mbwa ya kufa. Bulletin ya shule, kama pointi ni mbaya. Hata mwalimu wa hesabu, tukipata gari ya kumubeba."

Vijana wa moto walijipiga mapaja. Madamu alicheka mpaka akafuta macho, halafu kidole chake kikagusa kisanduku kidogo kwenye tableti. Nilikiona. Sikujali kimeandikwa nini. Jioni ile avenyu nzima ilirudia maneno yangu, na nilitembea kama mbunge. Madamu alimaliza nyumba zote kabla ya siku mbili, na kila mlango ulimjibu kwa pipa.

Matokeo yalibandikwa likizo kubwa, kwenye ukuta wa ofisi ya kartie, yaani ya mtaa. Ramani ya potopoto tatu. Mbili za kijani, moja kati ya hizo kijani nzito kama sombe, mboga ya majani ya muhogo. Yetu ilikuwa kijivu. Pembeni palikuwa na maneno machache: matumizi hafifu, mahali pa kutupia taka. Ile ya rangi ya sombe, iliyochaguliwa, iko upande mwingine wa mji. Watu wa huko wana bustani za mboga ndani yake, na hakuna anayeona haya ya kulima mboga.

Kushindwa si kitu, tumezoea. Tulicheka kwamba tumefeli hata mtihani wa matope. Lakini karatasi ile watu wa viwanja waliisoma pia. Kama potopoto haina kazi, basi ijazwe udongo, ikatwe parsele, iuzwe. Wakaja wanaume wawili na mita ndefu na vigingi vilivyopakwa rangi nyekundu. Kigingi kimoja walikichomeka hatua mbili kutoka fimbo ya mama.

Siku hiyo mama alirudi na beseni tupu. Alikaa kwenye kigoda, akaanza kumenya muhogo, akamenya, akamenya, mpaka ukazidi uwezo wa shimo lake, na bado akaendelea. Kwanga ndiyo iliyotuvalisha sare na kutulaza tumbo likiwa na kitu, tangu papa, baba yetu, aende Banalia kwa biashara ya wiki mbili, biashara ambayo sasa ina mke na watoto wawili. Mama hana kazi nyingine. Hana shimo jingine.

Shule zilipofunguliwa nikakwepa siku ya kwanza, nikaenda kwa miguu mpaka komini ya Kisangani, sehemu ya mji yenye jina la mji wenyewe, kwenye ofisi ya mradi. Nilitegemea kufukuzwa mlangoni. Injenieri akanikumbuka. "Mutu ya chumvi!" akasema, akanivutia kiti.

Nikamwambia yote. Mashimo, fimbo, mapipa, kuku. Aliacha kucheka mapema kuliko nilivyotazamia. Akageuza kompyuta ili nione, akafungua vipande vya mraba vya kwetu, kimoja baada ya kingine. Kulowesha muhogo: sifuri. Majani: sifuri. Samaki: sifuri. Taka: ndiyo.

"Hata samaki?" nikauliza.

"Hakuna aliyesema samaki. Vijana walisema taka." Akasogeza macho karibu na kioo. "Kijana mmoja. Wengine hawakukutwa nyumbani, kwa hiyo jibu lake limesimama kwa ajili ya wote."

Nikatazama sakafu. Ilikuwa sakafu safi sana.

Kisha akafanya jambo ambalo ingekuwa heri asingelifanya. "Nikuonyeshe tu," akasema, akaandika majibu ya kubuni: nyumba za avenyu zinalowesha, zinachuma majani, watoto wanavua. Akabonyeza. Mashine ikafikiri. Vipande vyetu vikaanza kubadilika, kutoka kijivu kuingia kijani, kuanzia kwenye kijito, vikipanda kuelekea nyumba zetu kama maji, mpaka tukaipita ile iliyoshinda. Tulikaa tukaangalia. Sijawahi kuuona mtaa wetu umependeza vile.

"Njo vile tungekuwa?"

"Ndiyo, njo vile. Modeli haina macho, petit. Inajua paka ile tu batu waliiambia." Akayafuta majibu ya kubuni na kijivu kikarudi palepale, hakikusitasita. "Siwezi kuandika kwa mdomo wa mutu mumoja. Lakini karatasi ya mwisho haijawekwa sahihi. Jumamosi namrudisha madamu. Waambie mamans waseme ukweli. Hata nusu yao tu, inatosha."

Nilikimbia kutoka pale mpaka Mangobo. Nilimkuta mama anapanga majani, nikamweleza huku nikihema.

"Hata nusu?" akauliza.

"Hata nusu."

"Na atapita mulango kwa mulango?"

"Mulango kwa mulango. Wewe na yeye tu."

Akapanga majani mawili matatu. "Basi nitasema. Lakini mama wa kona asisikie."

Nikaenda kwa mama wa kona. Akasema vilevile, ila jina alilolitaja ni la mama yangu. Nikapita nyumba zote. Kila mmoja alikubali kusema ukweli, kwa sharti kwamba mwenzake asiusikie. Nililala nikiona tumeshinda.

Jumamosi mvua ilinyesha asubuhi na madamu akachelewa. Chefu wa kartie, mtu anayependa mambo yaonekane, akasema mlango kwa mlango ni kupoteza muda, tena ni mambo ya chinichini. Waitwe wote kwenye parsele yake. Wakaitwa. Mama zetu walikaa kwenye viti vya plastiki, safu mbili, na nyuma yao, kwa kuwa penye watu kumi wa ishirini hawakosi, wakasimama wateja: vijana wa moto, maseremala, mwalimu wangu wa Kifaransa anayekula kwanga ya mama kila siku ya Mungu.

Nilimwona madamu akimnong'oneza chefu. Chefu akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Bon, mamans! Ni swali moja tu. Munanyoosha mukono, tunamaliza, tunaenda kula. Nani analoweshaka muhogo mu potopoto?"

Mkono wa mama yangu ulikuwa juu ya goti. Uliinuka. Naapa uliinuka. Ukafika kwenye kitambaa cha kichwa, ukakirekebisha, ukashuka. Mama wa kona alitazama mbele kama mtu anayepigwa picha, lakini pembe ya jicho lake ilikuwa kwa mama yangu, na ya mama yangu kwake. Wa kwanza kunyoosha angewagawia wengine wateja wake wote, mbele ya wateja wenyewe. Akinyoosha mmoja, wa pili angefuata, na wa tatu, na mwisho pasingebaki wa kuchekwa. Nililijua hilo, na wao walilijua. Lakini nani awe huyo mmoja?

"Mujisikie huru, wamama," madamu akasema polepole. "Hatuna haraka. Tutangoja."

Akangoja kweli. Kimya kikarefuka, kikawa kizito, kikaanza kuuma. Leo najua kilikuwa kinafanya kazi. Kwenye safu ya nyuma mama mmoja alikuwa ameshafungua mdomo, nilimwona. Na mama yangu akageuka akanitazama. Labda macho yake yaliuliza: niseme? Labda yaliomba: sema wewe, wewe ambaye mdomo wako haujawahi kuchoka. Sijui ni lipi kati ya hayo, na nimeshindwa kumuuliza. Nilichokijua saa ile ni kwamba watu wote wamekauka, na mahali pakikauka mimi ninawashwa.

"Madamu," nikapaza sauti, "andika vyura! Vyura njo vinaloweshaka!"

Wakalipuka. Mwalimu wa Kifaransa alishika ukuta. Mama zetu walicheka kuliko wote, wakishikana mabega, wakipangusa machozi kwa ncha za vitenge, kama watu waliofunguliwa kamba. Yule wa safu ya nyuma aliufunga mdomo wake, kisha akaufungua tena kwa kicheko. Chefu akapiga makofi. "Mwana oyo! Mutoto huyu! Bon, hakuna mutu. Tumefunga." Viti vikaanza kusogezwa. Madamu peke yake hakucheka. Aliniangalia, akaifunika tableti yake taratibu, akainuka.

Njiani mama alitembea mbele yangu. Karibu na mlango akasimama kunisubiri, akaniwekea mkono shingoni.

"Umetuokoa, papa," akasema.

Angenichapa ningelala usingizi.

Malori yalifika wiki tatu baadaye, saa tatu asubuhi, yamejaa udongo mwekundu. Hakuna aliyekuwa ameambiwa siku. La kwanza likarudi nyuma mpaka ukingoni na kuinua mgongo. Hapo nikamwona mama wa kona anapita mbio katikati ya avenyu, mchana kweupe, beseni halina kitambaa, njia ya nyuma hana habari nayo. Muhogo wake wa siku tatu ulikuwa mle. Mama akatupa kisu akamfuata. Kisha wote, kutoka kila mlango, mama mmoja na beseni moja. Waliteremka mbele ya vijana wa moto, mbele ya maseremala, wakaingia kwenye matope mpaka mapajani, na kila mmoja akaenda moja kwa moja kwenye shimo lake kama mtu anayeingia chumbani kwake.

Dereva akapiga honi. Hawakugeuka. Walitoa muhogo kwa mikono miwili, mweupe, umelainika, unakatika vidoleni. Niliingia na sare yangu ya shule nikamsaidia mama. Mama wa kona alijaza beseni lake, akaanza kutupia muhogo wake kwenye letu, letu likajaa, na hakuna aliyesema huu ni wa nani. Udongo ulifika kwenye fimbo, ukaisukuma, ikalala. Juu ukingoni watu walisimama wananiangalia. Niliwajua. Walikuwa wanangoja niseme kitu. Na kitu kilikuwepo, kilikuja chenyewe kama kawaida, tena kilikuwa kizuri. Nilikimeza na mate yenye matope.

Madamu hakuwepo. Na hata angekuwepo, fomu ilikuwa imefungwa na sahihi imewekwa, na kwa mujibu wa sahihi hiyo wanawake wale hawakuwa pale.

Mvua kubwa ya kwanza ilipokuja, maji yalishuka kutoka juu kama walivyozoea babu zake, yakafika chini, yakakuta ukuta wa udongo mwekundu, yakarudi kututafuta. Yalituingilia kwa mlango wa mbele na hayakuaga. Kitanda tumekipandisha juu ya matofali. Kila mvua tunaongeza tofali. Mdogo wangu wa mwisho anauliza tutafika lini dari.

Mama alimfukuza kuku kwenye pipa. Alilisugua, akalijaza maji ya bomba, ambayo ninayabeba kwa bidoni kabla ya shule na baada ya shule, akatia muhogo ndani kwa uaminifu wote. Muhogo ukakataa. Siku ya nne bado ulikuwa mgumu katikati. Siku ya sita ulitoa harufu kali, si ile tuliyoizoea, nyingine, ya kitu kilichooza kwa hasira. Akabadilisha maji kila siku. Akaacha kuyabadilisha. Akaliweka pipa juani, akalirudisha kivulini. Kwanga inatoka, siwezi kusema haitoki, lakini ukiikata inapasuka, na ladha yake ni ya kitu ambacho hakijaamua kiwe nini. Kwenye benchi la wateja sasa analala mbwa. Mama wa kona aliacha kabisa kazi ya kwanga. Anapita kukaa kwetu mchana, wawili hao hawana la kushindania, wanatazama barabara.

Wiki iliyopita alikuja mteja wa zamani, mmoja wa vijana wa moto waliokuwa kwenye benchi siku ile ya madamu. Alikuwa amekaa miezi bila kupita. Alinunua moja, akaifungua palepale, akauma, akatafuna muda mrefu.

"Mama," akasema, "hii ni ya pipa."

Mama akanyoosha mgongo. Miaka yote hiyo hakuna mteja aliyewahi kumpa neno hilo bila yeye kulitaja kwanza. "Ya pipa, ndiyo. Na maji ya bomba."

"Njo maana." Akaigeuza kwanga mkononi. "Sasa ile ya potopoto utatengeneza tena siku gani?"

Nikauliza mimi.

"Tonton, ulijua?"

"Kujua nini? Batu yote walijua! Ile utamu ulifikiri inatokaka kwa bomba?" Alicheka, halafu akaona hakuna anayecheka, akashusha sauti. "Tulikuwa tunanyamaza juu ya heshima tu. Mama anapenda tuseme pipa, tunasema pipa."

Akalipa, akawasha moto yake, akaondoka. Kwanga aliiacha kwenye benchi, imeumwa mara moja. Mama aliinuka akaichukua. Akaikunjia jani lake tena, vizuri, upande huu na upande huu, akaifunga uzi kama inayokwenda sokoni, kisha akakaa nayo mapajani.